Hesabu ya Kidani

Washairi wetu wa pwani wamekuwa matajiri wa vito kwa karne nyingi, na aghalabu ya wengi wao hawakumiliki hata kimoja. Fungua diwani yoyote ya zamani, utakuta lulu, marijani, feruzi, zumaridi, almasi na yakuti vimeanikwa kama dagaa juani. Meno ya mpendwa ni lulu, mdomo wake ni yakuti, maneno ya mzazi ni johari. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi wake mwaka 1858, alimwahidi kidani cha lulu na marijani, ilhali alichokuwa akimvisha ni nasaha. Shaaban Robert naye diwani yake moja aliiita Almasi za Afrika, na kitabu kingine Pambo la Lugha. Maneno yenyewe tumeyapokea kutoka ng'ambo. Lulu na yakuti vimetujia kwa Kiarabu, na wajuzi wa asili za maneno husema kuwa hilo yakuti Waarabu nao walilipata kwa Wayunani. Limesafiri safari ndefu neno hilo hata kufika Unguja na Lamu, na kwa watu wengi lilifika peke yake, jiwe likabaki njiani.

Mimi nilikulia katika maneno hayo. Mtaani kwetu Unguja walikuwapo akina Lulu watatu, Johari wawili, na mzee mmoja Almasi aliyekuwa akiuza urojo. Nilikwisha kuwa mtu mzima kabla ya kutanabahi kwamba yakuti ni kitu ambacho mtu aweza kukichimba kwa sururu, akakitia katika mfuko wa suruali pamoja na tumbaku yake. Elimu hiyo sikuipata pwani. Niliipata Mzumbe.

Nilifika huku mwaka 1988, wakati chuo kikiitwa bado IDM, kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa basi. Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, baada ya kilomita zipatazo 20 unafika Sangasanga, unakata kushoto, na mbele yako milima ya Uluguru inakuzuia kuona jambo jingine lolote. Mtu wa kisiwani hushtuka. Sisi tumezoea upeo ulio wazi. Macho yetu hayana adabu ya kusimamishwa. Nilikuja kusoma hesabu za fedha, nikabaki kuzifundisha, na chuo kimekuwa chuo kikuu mbele ya macho yangu tangu mwaka 2001. Asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nimekuwa nikiutazama mlima huo kwa zaidi ya miaka 30, nao una kilele kinachopita meta 2,600, na siku nyingi hauonyeshi hata nusu yake kwa sababu ya mawingu.

Wenyeji walinifundisha kuwa mlima huu haujawahi kuachwa kwa amani na watu wanaotafuta kitu tumboni mwake. Wajerumani walichimba ulanga huko juu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ulanga ni lile jiwe la matabaka maangavu linalobanduka kama karatasi, na neno lake ni zuri kuliko bei yake. Katika machimbo hayo hayo ya ulanga lilipatikana jiwe la njano lenye urani ndani yake, ambalo mkemia Willy Marckwald alilieleza mwaka 1906 na kulipa jina la Ernest Rutherford. Hivyo yupo mwanasayansi wa New Zealand ambaye jina lake limo katika mwamba wa Waluguru, na sidhani kuna Mluguru aliyeulizwa. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, yaani wakati ule ule mimi nilipokuwa nikijifunza kufunga vitabu vya mizania, wanunuzi wa vito wa Ulaya walianza kuzungumza juu ya yakuti nyekundu za Morogoro. Zilitoka upande wa pili wa mlima, upande wa Matombo, kule ambako mwaka 1955 watu waligoma kuchimbishwa matuta na serikali ya kikoloni, na mmoja wao akauawa kwa risasi. Watu waliokataa kuchimba ardhi yao kwa amri ya bwana shamba, wajukuu zao waliichimba kwa hiari, usiku, wakitumia tindo na mtaimbo.

Sikulifuata jambo hilo wakati ule. Wanafunzi walikuwa wakirudi kutoka likizo na mawe yaliyofungwa katika vitambaa, wakiuliza mwalimu atanunua kwa bei gani, nami nikiwatania kwamba mshahara wa mwalimu haununui hata kitambaa. Mwaka 2007 habari ilikuwa kubwa zaidi. Huko kusini mwa mkoa wetu, Mahenge, mahali paitwapo Ipanko, palichimbuliwa fuwele moja ya jiwe jekundu lenye uzito wa kilo 52. Halikuwa yakuti. Lilikuwa spineli, jiwe ambalo sokoni siku zile halikuwa na heshima kubwa, lakini wekundu wake ulikuwa wa namna ambayo wanunuzi waliishiwa maneno. Tangu hapo bei ya spineli ya Mahenge imepanda ngazi kwa ngazi. Kwa hiyo kuna vito viwili vyekundu katika mkoa wa Morogoro, vinavyofanana kama mapacha wa mama mmoja, na ni lazima nieleze tofauti yao kabla sijaendelea, maana hadithi ya nyumbani kwangu imeangukia hapo.

Yakuti ni oksidi ya alumini, na chembe kidogo za kromi ndizo zinazoipa wekundu. Spineli ina alumini pia, na mara nyingi wekundu wake watokana na kromi hiyo hiyo, lakini ina magnesi ndani yake. Mwamba ukiwa na magnesi ya kutosha mahali fulani huzaliwa spineli, na pale isipokuwapo huweza kuzaliwa yakuti, hata kama ni umbali wa shubiri moja. Yakuti ni ngumu zaidi na nzito zaidi. Ukiitazama kutoka pande tofauti hutoa wekundu wa aina mbili, mmoja wa zambarau na mmoja wa machungwa. Spineli ina sura moja tu popote utakapoitazamia. Mabibi na wafalme wa zamani hawakuijua tofauti hiyo, au hawakuijali. Lile jiwe kubwa jekundu katika taji la kifalme la Uingereza, liitwalo Black Prince's Ruby, ni spineli. Al-Biruni, katika karne ya 11, aliyapima mawe kwa uzito na maji, akatenga yakuti na jiwe jekundu la Badakhshan lililoitwa la'l, ambalo ndilo spineli hii. Yaani mwanachuoni wa Kiislamu alikwisha kulitatua jambo ambalo hazina za Ulaya zilikuja kulikubali baada ya karne nyingi. Sisi tuliolirithi neno yakuti hatukurithi mizani yake.

Na kuna jambo la tatu ambalo lilinikalisha kitako niliposikia. Yakuti na spineli za Matombo na Mahenge huzaliwa katika marumaru. Marumaru hiyo hapo kale ilikuwa tope la chokaa katika sakafu ya bahari, bahari iliyokuwapo hapa kabla ya vipande vya mabara kugongana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na kulipika tope hilo kwa joto na uzito wa milima. Chokaa hiyo ni kalisi kaboneti. Lulu nayo ni kalisi kaboneti, iliyopakwa na chaza tabaka juu ya tabaka kukizunguka kitu kilichomkera. Mtu wa kisiwani niliyedhani nimehamia bara kabisa nilikuwa naishi chini ya bahari iliyosimama wima.

Sasa nije nyumbani.

Mwaka 2023 binti yangu wa pili aliposwa na kijana wa Mlali, kijiji kilicho karibu nasi, njiani kuelekea Mgeta. Ni watu wema, Waislamu, wakulima wa kabichi na karoti. Mkwe wangu, yaani mama wa kijana, ni mwanamke mrefu asiyesema sana, ila akisema hucheka kwanza. Siku ya posa alinieleza kwa mzaha kuwa yeye ndiye anayepata hasara. Kwa Waluguru mtoto ni wa lukolo la mama yake, na shamba hufuata huko huko. Binti yangu hana lukolo, kwa hiyo wajukuu wake watakuwa wageni katika mlima wa baba yao. Nikamwambia kwetu ni kinyume, watoto ni wa baba, kwa hiyo nami nawapoteza. Tukakubaliana kwamba watoto hao watakuwa wa chuo kikuu. Wanaume walikuwa wakihesabu mahari, hawakutusikia.

Siku hiyo mkwe alileta kijiwe chekundu, ukubwa wa punje ya njugu, kilichofungwa katika karatasi ya daftari. Alisema ni yakuti ya Matombo, kaka yake aliichimba mwaka 1991, wakaizuia isiuzwe. Hakusema kwa nini. Alitaka itiwe katika pete ya bibi harusi. Nami kwa upande wangu nilikuwa na kidani.

Kidani hiki kilikuwa cha bibi yangu mzaa mama. Baba yake alikuwa mtu wa jahazi; alipakia boriti za mikoko Rufiji, akazipeleka Ghuba kwa upepo wa kusi, na kurudi kwa kaskazi na tende na papa mkavu. Safari moja alirudi na lulu. Sonara wa Kihindi wa Mji Mkongwe alizitunga kwa uzi wa hariri, akatia katikati jiwe jekundu katika kikombe cha dhahabu. Jiwe hilo sisi sote tuliliita yakuti. Bibi alikivaa harusini mwake, mama harusini mwake, nami changu. Kilikuwa na sheria zake: huvaliwa mwisho, baada ya udi na marashi kukauka mwilini, maana marashi hula lulu; hufutwa kwa kitambaa kabla ya kurudishwa; hakifungiwi katika nailoni. Hata leo sijui sheria ya nyumbani kwetu iliyokuwa na sababu nzuri ya kikemia kuliko hiyo.

Nilimpelekea vitu hivyo viwili kijana mmoja aliyesomea vito Arusha, ambaye amekuwa akinunua na kuuza Morogoro tangu serikali ilipofungua masoko ya madini mikoani mwaka 2019. Nilitaka bei kwa ajili ya bima tu. Alivaa lenzi yake jichoni, akaanza na jiwe la katikati ya kidani, akanyamaza kitambo. Kisha akanipa lenzi nitazame mwenyewe. Ndani ya wekundu ule kulikuwa na mistari membamba, iliyopinda, iliyofuatana kama mifereji ya sahani ya santuri, na viputo viwili vya hewa. Alieleza kwa upole sana. Yakuti iliyozaliwa ardhini hukua kwa mistari iliyonyooka na kona. Mistari iliyopinda ni alama ya jiwe lililotengenezwa na mtu, kwa unga wa alumini uliodondoshwa katika ndimi za moto wa gesi, ufundi ambao Mfaransa Auguste Verneuil aliutangaza mwaka 1902. Miaka michache baadaye mawe hayo yalitoka viwandani kwa maelfu ya kilo na kuenea katika masoko ya dunia. Sonara wa bibi huenda alijua, huenda hakujua.

Akalitazama jiwe la mkwe kwa kijidarubini kingine. Wekundu mmoja tu, kila upande. Spineli, nzuri ya rangi, lakini ina nyufa, haikatiki.

Nikatoka pale nikicheka peke yangu barabarani. Familia mbili, moja ya pwani na moja ya mlimani, zimetunza yakuti kwa miaka mingi, na katika nyumba zote mbili hamna yakuti hata moja. Lakini nilikuwa nimeacha jambo moja nyuma, nikalirudia usiku. Yule kijana alikuwa amezitazama na lulu pia. Alimulika taa katika matundu yake. Lulu za kupandikizwa, ambazo Wajapani walizieneza duniani na zikausaidia mdororo wa uchumi wa 1929 kuivunja biashara ya Ghuba, aghalabu huwa na punje ya kombe ndani yake, na tunduni huonekana mstari pale tabaka la lulu linapokutana na punje. Za bibi hazikuwa na mstari. Ni lulu tupu mpaka moyoni. Akasema, kwa furaha ya mfanyabiashara, "Hizi, mama, ndizo hasa zinazosemwa kuwa ndizo. Hizi zimezamiwa."

Neno hilo zimezamiwa ndilo lililoninyima usingizi.

Mwaka 2017 nilikwenda Doha kumtazama ndugu yangu anayefanya kazi huko. Akanipeleka katika mtaa wa kale wa Msheireb, kwenye nyumba ya Bin Jelmood, nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa wa zamani ambayo tangu mwaka 2015 imekuwa makumbusho ya utumwa. Nilikwenda nikitaraji habari za mashamba na majumba. Nilikutana na bahari. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 dunia ilizitaka lulu za Ghuba kuliko wakati wowote, Bombay, Paris, New York, na mikono ya kuzamia ilikuwa haitoshi. Sehemu kubwa ya mikono iliyoongezwa ilitoka kwetu, Afrika ya Mashariki, hata baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, maana magendo hayakufungwa. Mwanahistoria Matthew Hopper ameliandika jambo hili kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2015. Mawakala wa Kiingereza katika Ghuba waliandika maelezo ya watumwa waliokimbia kuomba hati ya uhuru, na katika maelezo ya miaka ya 1920 na 1930 wamo wazamiaji wengi, na baadhi yao walisema walizaliwa pwani ya Waswahili au nyuma yake, wakachukuliwa wangali watoto.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Msimu mkubwa ulikuwa wa joto, Juni hadi Septemba. Mzamiaji alibana pua kwa kibano, akatia mguu katika kamba yenye jiwe, akashushwa. Chini alikata chaza na kuwatia katika kikapu, kwa pumzi moja, dakika moja au zaidi kidogo, kisha akatikisa kamba na mwenzake wa juu akamvuta. Makumi ya mara kwa siku, siku baada ya siku. Masikio yaliharibika, na macho. Mzamiaji huru alikuwa na deni kwa nahodha lisilokwisha, deni la mchele na tende alizokula familia yake msimu haujaanza. Mzamiaji mtumwa hakuwa na deni. Fungu lake lilichukuliwa na bwana wake. Katika Qatar utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1952. Oman, mwaka 1970. Ndugu yangu aliniambia ngoma ya leiwa ingali inachezwa huko katika harusi, na ndani yake mna maneno ya Kiswahili ambayo baadhi ya wanaoyaimba hawayajui maana.

Nilipokuwa Doha nilihuzunika kama wanavyohuzunika watu wote katika makumbusho. Sikukifikiria kidani. Kilikuwa Mzumbe, kabatini, katika kitambaa chake cha melimeli. Ni baada ya neno la yule kijana ndipo vitu hivyo viwili vilipokutana kichwani mwangu, nami ni mtu wa hesabu, nikaanza kuandika. Katika kazi yangu mali huingizwa daftarini pamoja na hati ya namna ilivyopatikana. Kidani: kimerithiwa. Kabla yake: kimenunuliwa Ghuba, kwa boriti. Kabla ya hapo: mtu alishuka. Mstari huo wa tatu hauna jina, na hakuna mkaguzi atakayelipata.

Ningeweza kunyamaza. Wazee wetu wengi wa visiwani wamelinyamazia jambo hili kwa ustadi, nao wana sababu, kwa kuwa kila familia ina damu ya pande zote mbili na hakuna anayependa kufungua sanduku hilo sebuleni. Lakini binti yangu alikuwa anaolewa katika milima hii. Na chini ya milima hii, pale ulipo mji wa Morogoro leo, palikuwa na boma la Simbamwene, kituo kikubwa cha njia ya misafara iendayo Bagamoyo. Kisabengo aliyelijenga aliishi kwa kuwateka watu wa mabondeni, na Burton aliyepita nchi hizi mwaka 1857 alikuta vijiji vimeachwa. Waluguru wanaoishi kwenye miteremko mikali, mahali ambapo mbuzi huteleza, hawakupanda huko kwa sababu ya mandhari.

Nikaenda Mlali. Nilimkuta mkwe akifunga karoti kwa ukindu, nikamsaidia, nikamweleza yote mawili: kwamba jiwe lao si yakuti, na kwamba jiwe letu si jiwe la ardhini kabisa. Alicheka mpaka akaweka karoti chini. Ndipo nikamweleza la lulu. Nilieleza vibaya, kwa kuzunguka, nikianzia kwa chaza na kalisi kama ninayetoa mhadhara. Alinisikiliza. Kisha akauliza swali fupi.

"Kwa hiyo, mkwe, wa kwetu ndio waliozitoa?"

Nikasema huenda. Wa kwenu, au wa Wazaramo, au wa Wayao, au wa Nyasa. Huenda.

Akasema katika lukolo lao yupo msichana mmoja, dada wa bibi wa bibi yake, aliyekwenda kuchota maji mtoni upande wa Ngerengere asirudi. Mtungi ulionekana. Jina lake hutajwa kwenye tambiko pamoja na waliokufa, ingawa hakuna aliyemzika, na wazee wamewahi kubishana kama ni halali kumtaja hivyo. Wasichana hawakupelekwa kuzamia, nilimwambia, walipelekwa majumbani. Akasema, basi huenda alizivaa, au alimvisha mtu. Hakukuwa na uchungu katika sauti yake; alikuwa anapanga tu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kitu alichokibeba muda mrefu.

Binti yangu, nilipomweleza, alikasirika kuliko mkwe. Vijana wana haki hiyo. Alisema hawezi kuvaa shingoni pumzi ya mtu. Akasema pia, na hapa alinichoma, kwamba sisi watu wa visiwani tumewatukuza wazamiaji wa nyimbo na kuwasahau wa kweli. Nilimjibu kwamba hata spineli ya mkwe ina mtu ndani yake. Mchimbaji mdogo wa Mahenge au Mererani, hata leo, aghalabu hana mshahara. Hula chakula cha mwenye kitalu na kungoja fungu lake jiwe likipatikana, na lisipopatikana amekula bure au amefanya kazi bure, inategemea nani anasimulia. Mvua za 1998 na 2008 zilifurika katika mashimo ya Mererani zikawazamisha makumi ya wachimbaji kule bara, mbali na bahari yoyote. Mmoja wao, Saniniu Laizer, mwaka 2020 aliuza tanzanaiti mbili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, na picha yake ikaenea dunia nzima. Wale wa mashimoni hawakuwa na picha. Binti yangu akasema hiyo si hoja ya kukivaa kidani, ni hoja ya kutovaa chochote. Nadhani alikuwa na haki, nami sikumwambia.

Aliyeamua ni mkwe. Alisema lulu zikifungiwa tena kabatini, msichana wa mtungi hatapata lolote, na zikiuzwa atavaa mtu asiyejua habari zake. Zivaliwe, na siku ya harusi, kabla ya kuvishwa, yeye atalitaja lile jina kwa sauti, mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Shangazi zangu kutoka Unguja hawakulipenda wazo hilo. Mmoja alisema harusi si matanga. Lakini jina lilitajwa, ndani, alasiri, wanawake wakiwa wamekaa kwenye mikeka, kukawa kimya kidogo, mtu mmoja akaitikia innalillahi kwa kukosa jambo jingine la kusema, na binti yangu akainamisha shingo.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimekifungua kidani nikitunge upya, maana uzi wa hariri umechakaa, na lulu hutungwa kwa fundo baina ya moja na moja ili uzi ukikatika isipotee zaidi ya moja. Jiwe la Verneuil nililitoa. Mahali pake sonara aliitia spineli ya Matombo kama ilivyo, na nyufa zake, haikukatwa. Mkwe alikuwa amekuja kulala kwetu na alikaa nami chini ya taa akinipa lulu moja moja kutoka katika sahani. Tulizihesabu. Zilikuwa 41. Bibi alikuwa akisema siku zote kuwa ni 43.

Nikampigia simu mama mdogo Unguja, saa nne usiku. Hakushangaa hata kidogo. Moja, alisema, bibi aliiuza wakati wa foleni, miaka ya 1970, akapata unga na sukari ya magendo. Ya pili aliiuza kwa cherehani.

Mkwe akataka kujua kama cherehani hiyo ipo. Nikauliza. Ipo, iko Kikwajuni, ni ya mkono, inashona mpaka leo, ila sindano zake siku hizi ni taabu kupatikana. Mkwe akasema sindano za namna hiyo zinauzwa gulioni Mlali, atanunua pakiti mbili, niwapelekee nikienda.